Motokaa Imefika, Kiti cha Mtoto Bado

Wahenga walisema kwamba ajali haina kinga. Wahenga hao hao walisema pia: tahadhari kabla ya hatari. Wazazi wengi hulikumbuka neno la kwanza na kulisahau la pili, hasa siku ile ya furaha ambapo motokaa mpya huletwa nyumbani. Siku hiyo majirani hutoka nje kuitazama, watoto huizunguka wakiigusagusa, na baba mwenye nyumba huombwa aipige honi. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza swali lililo kubwa kuliko rangi na honi: Je, mtoto mchanga wa nyumba hii ataketi wapi ndani yake?

Swali hili limewakuta hata watengenezaji wakubwa wa motokaa za umeme. Mwaka 2012 kampuni ya Tesla ya Marekani ilianza kuwapelekea wanunuzi motokaa yake iitwayo Model S. Mnunuzi aliyependa aliweza kuongeza fedha akatiliwa viti viwili vya watoto mahali pa mizigo, vikitazama nyuma. Viti hivyo vilikuwa vya hiari, na kama ilivyo kawaida ya vitu vya hiari, vilichelewa. Motokaa zilitangulia, viti vikafuata. Tena viti hivyo havikuwa vya mtoto mchanga, bali vya mtoto aliyekwisha kua kiasi, mwenye kilo 16 au zaidi. Mwenye mtoto wa miezi mitatu alihitaji kiti cha namna nyingine kabisa.

Nchini Uganda safari ya motokaa za umeme ilianzia Makerere. Mwezi wa Novemba 2011 walimu na wanafunzi wa Chuo Kikuu hicho walionyesha hadharani motokaa yao ya majaribio, Kiira EV, ambayo iliwajaza wananchi fahari. Ilikuwa na viti viwili tu, cha dereva na cha mwenzake. Mwaka 2014 ikafuata Kiira EV Smack, yenye viti vitano, iliyotumia umeme pamoja na petroli. Mwezi wa Februari 2016 basi la Kayoola, lenye viti 35 na kusaidiwa na nguvu ya jua, lilionyeshwa katika uwanja wa Namboole. Baadaye mabasi ya umeme ya Kayoola yaliunganishwa Nakasongola, katika kiwanda cha Luweero Industries kilicho chini ya NEC, shirika la uzalishaji mali la jeshi. Na ni NEC hiyo hiyo iliyopewa kazi ya kujenga kiwanda cha Kiira kule Jinja. Kwa hiyo jamaa za askari si watazamaji tu katika jambo hili. Mikono ya waume na wana wao imo ndani yake.

Fahari hiyo ni ya haki. Lakini motokaa ya familia haikamiliki kwa injini na betri peke yake. Hukamilika pale ambapo kila atakayepanda, tangu mzee hadi mtoto wa siku saba, ana mahali pake pa usalama.

KWA NINI ATAZAME NYUMA?

Mama akimtazama vema mtoto wake aliyezaliwa majuzi ataona kwamba kichwa chake ni kama robo ya urefu wote wa mwili. Kwa mtu mzima kichwa ni kama sehemu moja tu kati ya saba au nane. Kichwa hicho kizito cha mtoto hubebwa na shingo ambayo mifupa yake bado ni laini na kano zake hazijakaza. Ndiyo sababu wakunga humfundisha mama kuitegemeza shingo kwa kiganja kila anapomnyanyua mtoto.

Sasa tafakari hali ya motokaa inayokwenda mbele kisha ikagonga kitu na kusimama ghafula. Kila kilichomo ndani huendelea kwenda mbele kwa mwendo ule ule. Mtoto aliyefungwa akitazama mbele, kifua chake huzuiwa na mikanda, lakini kichwa hakina cha kukizuia. Huvutwa mbele kwa nguvu, na shingo yake ndiyo inayobeba mzigo wote. Akitazama nyuma, mambo hugeuka. Mgongo, shingo na kichwa vyote huzama pamoja katika mgongo wa kiti, kama vile kiganja cha mkunga kinavyompokea. Nguvu ile hutawanywa mwili mzima badala ya kuangukia mahali pamoja palipo padhaifu.

Mtu aliyeleta wazo hili ni Bertil Aldman, daktari na mtafiti wa Sweden. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 aliangalia jinsi wanaanga wa Marekani walivyolazwa chali vyomboni mwao, ili migongo yao ipokee msukumo mkubwa. Akajiuliza kwa nini mtoto asipewe hifadhi kama hiyo. Mwaka 1964 kampuni ya Volvo ilikijaribu kiti cha kwanza cha namna hiyo, na mwaka 1972 ikaanza kukiuza. Hata leo wazazi wengi wa Sweden huwaacha watoto wao watazame nyuma hadi wafikapo umri wa miaka minne hivi. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 129, iliyoanza kutumika mwaka 2013, yataka mtoto atazame nyuma angalau mpaka apite miezi 15. Idara ya usalama barabarani ya Marekani nayo imekadiria kwamba, katika motokaa ndogo, kiti cha mtoto kilichotumiwa vizuri hupunguza vifo vya watoto wasiotimiza mwaka mmoja kwa asilimia 71.

"NITAMPAKATA MWENYEWE"

Chukua mfano wa sajini aishiye na jamaa yake katika kambi ya Mbuya. Ameweka akiba kwa miaka kadhaa katika chama chake cha akiba na mikopo, na sasa motokaa aliyoiagiza Japan imeshuka Mombasa, imepita mpakani, imefika Kampala. Mtoto wao ana miezi miwili. Kiti cha mtoto kiliagizwa mbali, nacho bado kimo njiani. Huko Masaka, mwendo wa kilomita 130 hivi, Jajja wa mtoto anahesabu siku; hajamwona mjukuu wake. Mama mzaa baba, ambaye yuko pale kambini kumsaidia mkwewe, haoni tatizo lolote.

"Nitampakata mwenyewe," asema. "Wanangu saba niliwalea kwa mikono hii, wala sikumwangusha hata mmoja."

Maneno hayo ni ya kweli, nayo yastahili heshima. Mkwe hawezi kumjibu mama huyo kwa ukali. Lakini kweli nyingine nayo yafaa isemwe, kwa upole na kwa hesabu.

Motokaa inayokwenda kilomita 50 kwa saa ikigonga kitu kigumu, pigo lake ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa mita kumi hivi. Sehemu ya mbele ikibonyea kwa kadiri ya nusu mita au zaidi kidogo ndipo motokaa ikasimama, mtoto wa kilo 8 atavuta mikono ya anayempakata kana kwamba ana uzito wa zaidi ya kilo 100. Yote hayo hutokea kabla mtu hajapepesa jicho. Hakuna bibi, hakuna mama, wala hakuna askari mwenye misuli ya chuma awezaye kuuzuia uzito huo kwa mikono. Na ikiwa aliyempakata hakujifunga mkanda, mwili wake mwenyewe utamgandamiza mtoto.

Wengine hudhani wamepata dawa kwa kuuzungusha mkanda mmoja juu ya mama na mtoto pamoja. Hilo ni kosa kubwa zaidi. Ajali ikitokea, uzito wa mama humsukuma mtoto juu ya mkanda, na mkanda uliokusudiwa kuokoa maisha hugeuka kisu.

Basi mkwe amweleze mama yake hivi: "Mama, mikono yako haijawahi kumwangusha mtoto, na hatuna shaka nayo. Tunayoiogopa ni barabara." Mama mwenye busara atasikia. Hakukataliwa yeye, iliyokataliwa ni hatari.

KITI KIKICHELEWA

Je, jamaa huyo wa Mbuya afanye nini hadi kiti kifike? Jibu la kwanza ndilo gumu kulipokea: motokaa ingoje. Iende kazini, iende sokoni, impeleke baba lindoni. Lakini isimchukue mtoto mchanga kwenda safari isiyo ya lazima. Barabara ya Masaka inajulikana vema na askari wa usalama barabarani kwa ajali zake. Katika mwaka 2022 peke yake, ripoti ya Polisi ilionyesha kwamba watu 4,534 walikufa katika ajali za barabarani nchini Uganda. Na mwaka 2024 idadi hiyo ilipita 5,000. Nyuma ya kila tarakimu kuna nyumba iliyolia.

Na Jajja? Jajja aweza kuletwa Kampala. Nauli ya basi ya mtu mmoja mzima si kitu kikilinganishwa na thamani ya shingo ya mjukuu. Atapokewa kwa heshima, atampakata mjukuu wake kitandani na barazani mpaka atosheke, na kiti kikifika jamaa wote watakwenda Masaka pamoja.

Jibu la pili ni kuazima. Mtoto hukitumia kiti cha wachanga kwa muda mfupi tu, maana vingi vya viti hivyo huishia kwenye kilo 13. Baadaye hubaki chini ya kitanda au juu ya kabati kikipata vumbi, na huenda nyumba ya tatu kutoka hapo kuna mtoto aliyezaliwa wiki iliyopita. Katika kambi za Mbuya, Naguru na Nsambya, ambako jamaa wanaishi karibu karibu na kujuana, akina mama wenye vyama vya kuwekeana akiba wangeweza kununua viti viwili au vitatu na kuazimana kwa zamu. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Jibu la tatu ni la wale ambao hawajanunua bado: kiti kiagizwe kwanza, motokaa baadaye. Mtoto hutoa taarifa ya miezi tisa kabla ya kufika. Ni wageni wachache wanaompa mtu nafasi kubwa ya kujitayarisha kama hiyo.

Kuna na jibu lisilofaa. Mafundi wa Katwe ni hodari, nao hutengeneza karibu kila kitu cha chuma kinachotumika jijini, tangu majiko hadi malango. Lakini kiti cha mtoto hakipimwi kwa kukitazama. Hupimwa kwa kukigongesha mbele ya mitambo, kikiwa na mwanasesere mwenye uzito wa mtoto. Kiti cha kuungwa kwa chuma bila majaribio hayo chaweza kupendeza machoni na kumuumiza mtoto siku ya ajali. Kapu, beseni na mito iliyopangwa katika kiti cha nyuma navyo ni hivyo hivyo.

YA KUKAGUA

Kiti kikifika, au kikiazimwa, wazazi wote wawili wakikague pamoja kabla ya kumweka mtoto.

Kwanza, alama. Kiti kilichopimwa kwa kanuni za Umoja wa Mataifa huwa na kibandiko chenye herufi E ndani ya duara, pamoja na namba R129, au R44 kwa viti vya zamani. Kisicho na kibandiko chochote kisitumiwe.

Pili, historia yake. Kiti kilichowahi kuwamo katika ajali kisitumiwe tena hata kama hakionyeshi ufa. Ndiyo maana kuazima kwa jirani unayemjua ni bora kuliko kununua kiti kilichotumika kwa mtu usiyemjua sokoni.

Tatu, mahali. Kiti cha nyuma ndicho bora. Kiti kinachotazama nyuma kisiwekwe kamwe mbele penye mfuko wa hewa ulio tayari kufanya kazi. Mfuko huo hufumuka kwa kasi na nguvu kubwa, na ungempiga mtoto nyuma ya kichwa chake, mahali pale pale palipokusudiwa kulindwa. Jambo hili liwakumbushe hasa wenye pikapu na motokaa za viti viwili, ambazo hazina kiti cha nyuma. Ikiwa mfuko wa hewa hauwezi kuzimwa, motokaa hiyo si ya mtoto mchanga.

Nne, ufungaji. Motokaa nyingi za siku hizi zina vishikio vya chuma kwenye maungio ya kiti, vyenye alama ya ISOFIX. Katika motokaa kuukuu isiyo navyo, viti vingi vya mtoto hufungwa kwa mkanda wa kawaida. Maelezo ya kiti yasomwe mstari kwa mstari. Ukikishika kiti pale mkanda unapopita na kukitikisa, kisicheze zaidi ya sentimita mbili na nusu.

Tano, mikanda ya mtoto mwenyewe. Kwa mtoto anayetazama nyuma, mikanda ya mabega itokee usawa wa mabega yake au chini kidogo. Ikazwe mpaka usiweze kuikunja kwa vidole penye bega. Mtoto asifungwe juu ya blanketi nene wala sweta nzito, kwa kuwa mikanda italegea pigo likija. Afungwe kwanza, ndipo afunikwe.

Sita, joto. Motokaa iliyosimama juani mchana wa Kampala hugeuka tanuri. Mama aguse vifungo vya chuma kwa mkono wake kabla havijaigusa ngozi ya mtoto, na mtoto asiachwe peke yake ndani hata kwa dakika moja.

Saba, mapumziko. Katika safari ndefu dereva asimame kila baada ya saa moja na nusu au mbili, mtoto atolewe kitini, anyooshwe na kunyonyeshwa. Asinyonyeshwe motokaa ikiwa mwendoni.

UMEME HAUBADILI UZITO

Baadhi ya watu hudhani kwamba motokaa ya umeme, kwa kuwa haina kelele wala moshi, ni ya upole kwa kila hali. Kweli, hewa yake ni safi, na mtoto aliyelala haamshwi na ngurumo. Lakini betri yake ni nzito, nayo huondoka kwa kasi mara dereva anapokanyaga. Ikisimama ghafula, mtoto asiyefungwa hurushwa kama katika motokaa ya petroli. Vilevile, kwa kuwa haina ngurumo, watoto wanaocheza uani huenda wasiisikie ikirudi nyuma. Dereva ashuke kwanza na kutazama.

Jamaa wengi, hata hivyo, hawana motokaa ya petroli wala ya umeme. Wao hupanda teksi ya abiria 14 au pikipiki, na siku hizi pikipiki za umeme nazo zapita katika barabara za jiji. Yafaa isemwe wazi kwamba katika pikipiki hakuna mahali pa mtoto mchanga, iwe ya petroli au ya umeme. Kumbana mtoto kati ya dereva na mama si kumlinda. Kwa safari ya lazima, kama ile ya kwenda hospitali, teksi ni afadhali kuliko pikipiki. Mama aketi safu za kati au za nyuma, si pembeni mwa dereva. Ikiwa mkanda upo, aufunge mwilini mwake peke yake na kumshika mtoto nje ya mkanda. Achague safari ya mchana. Wala asione haya kumwambia dereva apunguze mwendo. Huo si usalama kamili, bali ni kupunguza hatari kwa kadiri ya uwezo.

WAJIBU WA ASKARI

Kanuni za mkanda zimekuwapo nchini Uganda tangu mwaka 2004. Askari wa usalama barabarani huzisimamia, na wananchi humtazama anavyoishi yeye mwenyewe. Askari amwonyaye dereva kwa kutofunga mkanda, kisha jioni akampakia mtoto wake mwenyewe magotini mwa mama katika kiti cha mbele, amelivunja kwa mkono mmoja alilolijenga kwa mkono mwingine. Kinyume chake, motokaa ya askari yenye kiti cha mtoto kilichofungwa vema ni somo linalotembea. Jirani ataliona, atauliza, naye ataiga.

Wajibu huo wawahusu pia wale wanaobuni motokaa zetu huko Jinja. Vishikio vya kiti cha mtoto vichorwe katika karatasi ya kwanza, pamoja na magurudumu na breki, wala visingoje orodha ya nyongeza. Katika motokaa ya familia, mtoto si abiria wa hiari.

Wazazi, motokaa ni mali, nayo ikiharibika hutengenezwa. Shingo ya mtoto haina kipuri. Kiti kikichelewa wiki tatu, na safari ichelewe wiki tatu. Kawia ufike.